Mashindano ya siku mbili ya michezo ya vita ya mezani hapa Dodoma: raundi ngapi kwa wachezaji 14, na meza zipangweje?

Dadu za Makulu (mleta mada)

Wadau wa michezo ya vita ya mezani, salaam.

Sisi ni kikundi kidogo cha hapa Dodoma ambacho kwa miaka mitatu sasa kimekuwa kikikutana sebuleni kwa mwenzetu mmoja wa Area D kucheza Warhammer 40,000. Kwa msomaji anayepita tu na hajui tunazungumzia nini, kila mchezaji huja na jeshi lake la vijisanamu alivyoviunga kwa gundi na kuvipaka rangi kwa mkono wake, huvisogeza juu ya meza akipima kila hatua kwa tepu ya inchi, kisha hurusha dadu ili ijulikane ni askari wangapi wa adui wameanguka. Si mchezo wa kompyuta wala si karata.

Tumeamua kufanya mashindano yetu ya kwanza ya wazi, Jumamosi na Jumapili, mwishoni mwa Juni. Waliothibitisha, mbali na mimi, ni 14: wanane wa hapa, wanne wa Dar es Salaam watakaokuja kwa treni ya SGR, na wawili wa Iringa. Tumeahidiwa ukumbi wa kanisa moja ambao unaingiza meza nane bila kubanana. Mimi ndiye niliyeangukiwa na jukumu la kuandaa, na ninakiri kwamba sijawahi kuandaa jambo la aina hii kwa watu nisiowafahamu.

Mwaka jana tulijaribu mashindano ya ndani, watu wanane, kwa mtoano kama ule wa kombe la mpira. Ilipofika saa sita mchana, watu wanne walikuwa wameshatolewa na wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitazama simu. Mmoja wao alikuwa amesafiri kutoka Iringa kwa basi la alfajiri ili acheze mchezo mmoja tu. Hakulalamika, lakini nilimwona alivyokuwa akivifunga vijisanamu vyake kimoja kimoja kwenye sponji, na tangu siku hiyo sitaki tena kusikia habari ya mtoano. Kwa upande mwingine, ligi ya kila mtu kukutana na kila mtu haiwezekani, kwa kuwa watu 14 wangehitaji raundi 13.

Jambo la pili linalonisumbua ni muda. Sisi tumezoea majeshi ya pointi 2,000 (kila kikosi kina thamani yake ya pointi, na jumla ya jeshi haipaswi kuzidi kiwango hicho), na mchezo mmoja hutuchukua saa nne, kwa sehemu kwa sababu tunapenda maongezi. La tatu ni rangi. Baadhi ya wenzetu wanasisitiza kwamba jeshi lisilopakwa rangi lisiruhusiwe kabisa, na wengine wanasema sharti hilo litawafungia mlango nusu ya washiriki. Ningeomba ushauri wa waliowahi kuandaa au hata kushiriki tu, na tafadhali mnieleze sababu za kila pendekezo, kwa sababu nitatakiwa kuzitetea mbele ya watu wote hao 14.

Kalamu na Tepu (Dar es Salaam)

Ndugu mleta mada, hongera kwa kuthubutu. Mimi ni mmoja wa hao wanne wa treni, kwa hiyo ushauri wangu una maslahi binafsi ndani yake.

Tumia mfumo wa Uswisi, ambao wacheza sataranji wamekuwa wakiutumia tangu mashindano ya Zürich ya mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza unapanga wapinzani kwa kura. Kuanzia ya pili unamkutanisha aliyeshinda na aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyeshindwa, kwa sharti kwamba wawili waliokwisha kukutana wasikutane tena. Idadi ya raundi unaipata kwa kuzidisha mbili kwa mbili mpaka ufikie au upite idadi ya wachezaji. Raundi tatu zinatosha watu wanane, nne zinatosha 16. Ninyi mko 14, kwa hiyo raundi nne zinatosha. Baada ya raundi ya kwanza watabaki saba ambao hawajashindwa, baada ya ya pili hawatazidi wanne, kisha wawili, kisha mmoja. Akibaki huyo mmoja, ndiye bingwa wako, na hakuna atakayehoji.

Najua kuna watakaokushauri raundi tano kwa kuwa siku ni mbili na inaonekana hasara kutozijaza. Usikubali. Raundi ya tano kwa watu 14 itamlazimu yule ambaye hajashindwa kucheza na mtu aliyekwisha kupoteza, na akiteleza hapo utajikuta na watu wawili au watatu wenye ushindi wa sawa, na ubishi wa saa nzima wakati sisi wengine tunawaza kuhusu treni.

Kuhusu muda, punguza majeshi yawe ya pointi 1,000. Najua itawauma wenye vifaru vikubwa, lakini mchezo wa pointi 2,000 unaochezwa na watu wasiofahamiana, kila mmoja akitaka kusoma kanuni za jeshi la mwenzake, hauishi ndani ya saa tatu. Kwa pointi 1,000 toa saa mbili na robo: dakika 15 za kupanga majeshi na kuelezana nani ana nini, na dakika 60 kwa kila mchezaji kwa saa ya sataranji. Si lazima ununue saa hizo, kwani programu ya bure kwenye simu inafanya kazi hiyohiyo. Weka simu katikati ya meza, na kila anayemaliza zamu anagusa upande wake. Muda wa mtu ukiisha, haruhusiwi tena kusogeza wala kushambulia. Anabaki na haki ya kurusha dadu za kujikinga na kuhesabu maeneo anayoyashikilia. Tangaza kanuni hii wiki mbili kabla, tena kwa maandishi, kwa sababu atakayekumbwa nayo mara ya kwanza ataiona kama uonevu. Mimi mwenyewe niliwahi kuishiwa muda nikiwa na jeshi lililokaribia kushinda, na hasira yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba nilitumia dakika kumi nzima kuamua kama niwavushe askari watano nyuma ya ukuta au niwaache.

Kwa ratiba, Jumamosi fanya raundi tatu: saa 3:30 asubuhi hadi saa 5:45, saa 7:00 mchana hadi saa 9:15, na saa 9:45 hadi saa 12:00 jioni. Pengo la adhuhuri si la chakula tu, maana wapo watakaokwenda kuswali na hawapaswi kukimbizana. Jumapili usianze asubuhi. Hiyo ni Dodoma, nusu ya wachezaji wako watakuwa kanisani, na ukumbi wenyewe ni wa kanisa! Raundi ya nne ianze saa 7:00 mchana, zawadi zitolewe saa 9:30, na wasafiri wawahi treni ya jioni.

Neno moja kuhusu kuwatenganisha waliofungana kwa ushindi. Waandaaji wengi hukimbilia tofauti ya pointi za mchezo, kama tofauti ya magoli. Mimi naona ni kosa. Kura ya raundi ya kwanza inaweza kumpa mtu mchezaji mgeni aliyeanza mwezi uliopita, akamfunga 90 kwa 12, huku mwingine akipambana na mkongwe na kushinda kwa pointi tatu. Ukitumia tofauti ya pointi, unamzawadia wa kwanza kwa bahati yake, na zaidi ya hapo unamfundisha kumkandamiza mgeni badala ya kumwelekeza. Anza na jumla ya ushindi wa wapinzani aliokutana nao. Katika sataranji hesabu ya namna hiyo huitwa Buchholz. Pointi za mchezo zifuate baadaye, ikiwa bado wamefungana.

La mwisho, na hili najua hutalipenda: wewe usishindane. Mtu mmoja akikosa basi mtabaki 13, na kila raundi atakuwepo wa kukaa bila mpinzani. Kuwa na jeshi lako pembeni, uingie inapohitajika tu, na muda mwingine uwe mwamuzi. Mwandaaji anayewania ubingwa akiamua jambo kwenye meza ya mpinzani wake mtarajiwa, hata akiwa malaika atasemwa.

Msichana wa Chimwaga

Ninaomba nizungumzie rangi, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa hiyo nusu ambayo wengine wanataka kuifungia mlango.

Mimi ni mwanafunzi. Jeshi langu lote nimelichapa kwa printa ya 3D ya rafiki, kwa sababu boksi moja la vijisanamu vya kiwandani likifika hapa na gharama za usafirishaji linakuwa na bei ya kodi ya chumba changu. Rangi maalumu za vijisanamu nazo zinaagizwa mbali. Sasa, wanaosema "kanuni ni kanuni" wangeisoma hiyo kanuni yenyewe. Katika matoleo ya karibuni ya Warhammer 40,000, jeshi lililopakwa rangi kikamilifu linapata pointi 10 kati ya 100 za mchezo. Lisilopakwa halizuiwi kucheza, linazikosa tu hizo 10. Kwa nini sisi Dodoma tuwe wakali kuliko waliotunga mchezo?

Halafu itajwe wazi kwenye tangazo kwamba vijisanamu vya kuchapwa vinaruhusiwa. Kwenye mashindano ya kampuni inayotengeneza mchezo huu haviruhusiwi, lakini haya ni ya kwetu, na nisingependa kufika mlangoni na boksi langu ndipo nisikie habari nyingine.

Kwa wenye hali kama yangu: rangi ya kupuliza ya magari, nyeusi isiyong'aa, inashika vizuri kama tabaka la kwanza, mradi upulize asubuhi kabla upepo haujaanza. Juu yake natumia rangi za akriliki za wachoraji zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi na shule, nikizipunguza kwa maji na kupaka mara mbili badala ya mara moja nzito. Kijisanamu chenye rangi tatu na kitako kilichomwagiwa mchanga wa hapahapa, ukikitazama kutoka umbali wa mkono, hakina aibu yoyote. Nimemaliza 22, bado tisa.

Fundi wa Mandhari (Nkuhungu)

Shikamooni wakubwa. Nitajibu sehemu ya meza, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu kwa mikono.

Kipimo cha chini cha meza ya Warhammer 40,000 kwa mchezo wa pointi 2,000 ni inchi 44 kwa 60, na ninapendekeza mkitumie hichohicho ili mbao zisaidie siku zijazo. Plaiwudi inauzwa kwa futi nane kwa nne, yaani inchi 96 kwa 48. Mtu asiyefikiri atakata ubao mmoja wa inchi 60 kwenye kila karatasi na kubaki na kipande kisichomfaa, na kwa meza saba atanunua karatasi saba. Kata nusu-meza za inchi 30 kwa 44. Karatasi moja inatoa nusu-meza tatu, kwa kuwa tatu mara 30 ni 90 na msumeno unabakiwa na nafasi ya kutosha. Meza saba ni nusu-meza 14, na karatasi tano zinatoa 15. Umeokoa karatasi mbili, una kipande kimoja cha akiba, na, jambo ambalo utalishukuru Jumapili jioni, nusu-meza zinaingia kwenye bajaji. Chini yake weka meza za kawaida za ukumbi, na unganisha nusu mbili kwa vibanio ili zisiachane katikati ya vita.

Sasa mandhari ya uwanja. Hapa ndipo mashindano mengi yanapoharibika, na si kwa sababu ya uzuri. Meza ikiwa wazi kama uwanja wa mpira, mwenye bunduki za masafa marefu anashinda zamu ya kwanza, na raundi nzima inakuwa ni nani aliyeshinda kura ya kuanza. Kila meza inahitaji kuta ndefu za kutosha kuficha askari kabisa. Kuta zenye umbo la L, urefu wa inchi tano hivi kwenda juu, mbili kubwa katikati na nyingine kwenye kila robo ya meza, zinatosha kumlazimisha kila mtu asogee. Tengenezeni kwa stairofoamu inayofungia televisheni na friji, pakeni gundi ya mbao iliyochanganywa na mchanga, kisha rangi ya maji ya ukutani. Msipulizie rangi ya kopo moja kwa moja kwenye stairofoamu, itayeyuka mbele ya macho yenu. Na meza zote saba zipangwe kwa mpango mmoja, zikiwa na alama za penseli chini ya kila ukuta, ili asitokee wa kusema alishindwa kwa sababu ya meza namba nne. Mapambo yawe tofauti mkitaka. Mimi nimeshachonga mibuyu sita kwa mizizi mikavu na mmoja ni mzuri mno kuuweka mahali dadu zinaporushwa.

Kuhusu upepo, wa Dar mtanisamehe, lakini hamuujui upepo wa Juni wa Dodoma. Mchana vumbi linaingia kwa kila dirisha, na vijisanamu vyepesi vya kuchapwa vinaanguka kama mahindi. Madirisha ya upande wa upepo yafungwe kuanzia saa tano. Wenye vijisanamu vyepesi wabandike sarafu au nati chini ya kitako. Wanaosafiri nao wabandike sumaku ndogo chini ya kila kitako na kuvisimamisha kwenye trei ya bati au kopo la biskuti, hapo hata basi likiruka tuta havitikisiki. Asiye na sumaku achukue trei za mayai na sponji ya godoro. Na kwa wote waliochapa kwa plastiki ya PLA, msiache boksi ndani ya gari lililoegeshwa juani. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Mimi nilipoteza kikosi kizima cha wapanda farasi kwa namna hiyo, mikuki yote iliinama kama migomba iliyokosa maji.

Mwalimu wa Kondoa

Nimeufuata uzi huu kwa furaha. Mimi nafundisha historia, na sichezi hiyo michezo ya majeshi ya anga za mbali, lakini nina pendekezo kwa ajili ya Jumapili asubuhi ambayo ndugu Kalamu na Tepu ameiacha tupu. Ukumbi mmekwisha kupewa, meza zimekwisha kupangwa, na wapo wageni ambao hawataenda kanisani. Ile meza ya nane itumike kwa mchezo mmoja wa pamoja, usio na pointi, wa vita vya Kondoa-Irangi vya mwaka 1916.

Vita hivyo vilipiganwa hapa mkoani kwetu na bado watu wengi wa Dodoma hawavijui. Jeshi la Waafrika Kusini, lililopigana upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer, liliingia Kondoa tarehe 19 Aprili 1916, kisha mvua za masika zikaikata njia ya nyuma yake, chakula hakifiki, na farasi wakawa wanakufa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavisogeza vikosi vyake mpaka reli ya kati, akapanda kutoka upande wa Dodoma, na usiku wa 9 Mei akashambulia. Alirudishwa nyuma, lakini van Deventer naye hakuweza kusonga mbele kwa wiki nyingi. Dodoma ilichukuliwa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo.

Kwa mchezaji, uzuri wa vita hivi ni kwamba vilikuwa vya gizani na vya njaa. Msiweke majeshi yote mezani. Rudini kwenye Kriegsspiel ya maofisa wa Prussia, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1824: kila upande unaandika amri zake kwenye karatasi, na mwamuzi peke yake ndiye anayejua nani yuko wapi, akiweka kijisanamu mezani pale tu kinapoonekana. Kipimo cha ushindi kisiwe idadi ya waliouawa bali ni siku ngapi kila upande unaweza kuendelea kulisha watu wake.

Nina sharti moja, na ninalisema kwa heshima. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na mizigo ya pande zote ilibebwa na watu wetu. Baada ya majeshi kupita na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, Ugogo iliingia kwenye njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Bado zipo familia hapa ambazo mabibi walisimuliwa na mama zao. Kwa hiyo wapagazi wawemo mezani, kwa vijisanamu vyao, na kanuni ieleze kinachotokea kwa kijiji ambacho jeshi limekiondolea ghala. Mchezo utakaowaacha nje utakuwa wa uongo, tena utachezwa kilomita chache tu kutoka kwa wajukuu wao.

Kete Namua (Majengo)

Vijana wangu, mimi ni mzee wa bao, sina jeshi. Nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu, ambaye ndiye yule wa printa. Ninayo mawili tu.

La kwanza ni dadu. Mleta mada amesema ukumbi ni wa kanisa. Je, wenye ukumbi wamekwisha kuambiwa kwamba kutakuwa na dadu zaidi ya mia mbili zikirushwa humo ndani siku mbili? Bao lina kete 64 na mashimo 32, kila kitu kiko wazi, na bado miaka ya nyuma kuna mtu alikuja kutuuliza kama tunacheza kamari. Dadu ni mbaya zaidi kwa macho ya watu. Mwanangu, nenda mapema ukiwa na barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ueleze kwamba kiingilio ni cha ukumbi na chakula na hakuna fedha inayoshindaniwa. Chukua na kijisanamu kimoja kilichopakwa rangi vizuri, ukikabidhi mkononi maneno yanapungua.

La pili ni watazamaji. Kwenye baraza, mtazamaji wa bao ana kelele kuliko mchezaji, na wapo niliowajua ambao hawajawahi kushinda mchezo wao wenyewe lakini wanashinda kila mchezo wa wengine. Barazani hilo ni sehemu ya raha. Kwenye mashindano, mkatazeni. Anayetazama asinyooshee kidole meza, hata kama ameona kosa la kanuni, amwite mwamuzi.

Dadu za Makulu (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu Kete Namua, na ahsanteni nyote. Ninajibu kwa pamoja.

Raundi ni nne kwa mfumo wa Uswisi, pointi 1,000, saa mbili na robo kwa saa za simu, na ratiba ya ndugu Kalamu na Tepu nimeichukua kama ilivyo, isipokuwa Jumamosi tutaanza saa 4:00, raundi zote zikisogea kwa nusu saa, kwa sababu wawili wa Iringa wanafika asubuhi hiyohiyo. Sitashindana. Nimekaa na wazo hilo siku mbili na limenikera, lakini sikuipata hoja ya kulipinga. Kufungana tutakutatua kwa ushindi wa wapinzani kwanza.

Rangi itakuwa pointi 10 kati ya 100 kama kanuni inavyosema, na vijisanamu vya kuchapwa vinaruhusiwa bila masharti. Nimeongeza jambo moja ambalo halikupendekezwa na mtu: Ijumaa jioni sebule ya Area D itakuwa wazi kwa yeyote ambaye hajamaliza kupaka. Brashi zipo, taa zipo. Dada wa Chimwaga, hao tisa waliobaki waje.

Kuhusu Kondoa, mwalimu wangu, nimewasomea wenzangu maelezo yako kikaoni na hakuna aliyezungumza kwa muda. Tutacheza, lakini si mara hii. Mchezo unaohitaji mwamuzi wa kuandika amri za siri, wapagazi, na kanuni ya ghala za vijiji hauwezi kutungwa vizuri kwa wiki tano na mtu ambaye tayari anahesabu plaiwudi, na nisingependa tuufanye nusunusu. Ukikubali, tukutane Agosti, uje na ramani.

Mzee, jana nilikwenda kwa mhudumu wa ukumbi nikiwa na barua. Ulikuwa sahihi. Swali lake la kwanza, kabla hajamaliza kusoma, lilikuwa kuhusu kamari. Nilimpa kijisanamu, akakigeuzageuza, akauliza ni nani aliyechora macho madogo namna hiyo na kwa brashi gani, na kisha akauliza kama mwanawe wa darasa la sita anaweza kuja kutazama. Nimemwambia anaweza, ila asinyooshee kidole meza.

Karatasi tano za plaiwudi nimekwisha kuzinunua, ziko uani kwangu zimefunikwa turubai. Fundi wa Mandhari, tunakata Alhamisi kuanzia saa 10 jioni, na ninahitaji mtu mwenye vibanio 14, kwa kuwa mimi ninavyo vinne tu.